Mtunza Chupa Asiyeonja

Siku ya kuniaga pale ghalani Buffalo mlininunulia keki yenye maua ya sukari, mkaimba, halafu yule kijana anayeendesha folklifti ya kunyanyulia mizigo akauliza swali lile lile mnaloniuliza tangu mnijue: "Mama Tazia, umeshika chupa za tekila miaka yote hii. Hebu tuambie ukweli, ladha yake ikoje?" Nikawajibu kama kawaida yangu, kwamba mimi ni mlokole na hayo siyajui. Mkacheka, mkala keki. Haya basi, sasa nimestaafu. Magoti yananiuma, theluji imeziba mlango, na mjukuu amenionyesha jinsi ya kuandika kwenye simu bila kutafuta kila herufi kwa miwani. Nitawajibu vizuri. Ila jibu ni refu, na linaanzia Louisville, kule Kentucky.

Habari za mshahara sitaziandika, mnazijua. Cheo nacho kilikuwa kile kile tangu mwanzo mpaka mwisho: mtu wa meza ya marekebisho. Kwa wageni wa kazi, ni hivi. Katika ghala la pombe, boksi likianguka au likilowa haliendi kwa mteja, linaletwa mezani. Unalifungua, unatoa vipande vya chupa iliyovunjika, unafuta zile zilizopona, unazipanga kwenye boksi jipya, unapiga utepe wa gundi, haya, lete jingine! Inataka mtu mwenye macho makali na asiye na kiu. Nilipowaambia kwenye usaili kwamba pombe sijawahi kuiweka mdomoni, walitazamana wakatabasamu, na siku iliyofuata nikaitwa.

Ilikuwa mwaka 2013, nami nilikuwa tayari mjane na bibi mwenye wajukuu. Sisi ni Warundi, lakini maisha yangu mengi niliyaacha Tanzania. Nikiwa mtoto baba alikata mkonge Korogwe. Baadaye tukarudi kwetu, vita vikatufukuza, nikaishia kambini Kigoma hadi watoto wangu wakawa watu wazima. Tulipovushwa bahari kama wakimbizi, Louisville tulipewa nyumba mtaa wa Iroquois, kusini mwa mji, jirani na Wakongo, Wakyuba na watu wa kila namna. Kambini nilikuwa kwenye kamati ya kukagua chakula cha mgao, na sheria yangu ilikuwa moja tu: gunia la maharage likiwa na mdudu linawekwa pembeni, hakuna mjadala. Kuna watu mpaka leo hawanisalimii kwa ajili ya maharage yale.

Sasa nieleweni kilichotokea siku yangu ya kwanza. Waliniletea paleti nzima ya maboksi yaliyolowa, nikafungua la kwanza. Ndani mna chupa za kinywaji cha rangi ya dhahabu kiitwacho mezkali, ndugu yake tekila, na ndani, kwenye kitako cha kila chupa, amelala mdudu. Si kivuli, si uchafu. Mdudu mnene, mweupe, na mikunjo yake. Nikasema, Yesu wangu, Wamarekani wanauziwa minyoo! Nikafungua boksi la pili, mdudu. La tatu, mdudu. Nikajua Mungu hakunivusha bahari bure. Kufika saa ya chakula nilikuwa nimeitenga paleti yote, nimeizungushia utepe mwekundu, na kwa kuwa Kiingereza cha kuandika sikuwa nacho, nikachora mnyoo kwenye karatasi na kuupiga msalaba juu yake. Kisha nikasimama pale, mikono kifuani, nikisubiri kupongezwa.

Akaja msimamizi, Mmarekani mrefu ambaye sisi tulimwita Bwana Haraka. Akaitazama paleti, akanitazama mimi, akautazama mchoro wangu, akashika kichwa. Kisha akacheka mpaka akakaa juu ya boksi, na boksi likabonyea, likaongezeka kwenye kazi yangu. Alipopata pumzi akaita, "Chayo! Njoo umweleze huyu mama!"

Ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Chayo alikuwa mwanamke wa Kimeksiko, mfupi, nywele amezisuka msuko mmoja mpaka kiunoni, miwani ameifunga kamba shingoni isianguke. Akachukua chupa, akamtazama yule mdudu kwa dharau kubwa, akasema, "Umefanya vizuri. Hata mimi ningezitupa."

Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, ndiyo maana tulielewana. Hakuna aliyemwogopa mwenzake. Akaniambia kwamba mdudu yule ni wa kuvutia wageni, kwamba baba yake alipika mezkali maisha yake yote na hakuwahi kumweka mdudu chupani, na kwamba tekila yenyewe haina mdudu kabisa, anayesema amemwona kwenye tekila amelewa kitu kingine. Vijana wa folklifti hawakukubali. Wao waliapa kwamba ukimla mdudu huyo unaona maono, na unapata nguvu za fahali. Nikamuuliza Chayo, "Kweli anayekula mdudu anaona kitu?"

"Ndiyo," akasema. "Anaona kwamba amekula mdudu."

Kuanzia siku hiyo sikuondoka ubavuni mwake. Alinifundisha kutikisa boksi kabla ya kulifungua na kusikiliza, maana kioo kilichovunjika kina sauti yake, na mkono usiosikiliza utakatwa. Alinifundisha kuvaa glovu mbili, ya ndani laini, ya nje ngumu. Alinifundisha kujua kwa pua kilichomwagika: wiski ya Kentucky inanuka sukari iliyoungua, na tekila inanuka jani bichi lililopondwa. Hapo ndipo nilipomshangaza na mimi. Nilinusa boksi lililolowa, nikatazama picha kwenye karatasi ya chupa, majani marefu yenye miiba nchani, nikapiga makofi. "Huu ni mkonge!"

Bwana Haraka akasema ni kaktasi, ule mmea wa miiba wa jangwani, kila mtu anajua ni kaktasi. Chayo akasema kwao unaitwa magei, na magei si kaktasi hata kidogo. Mimi nikasema ni mkonge, na kama si mkonge ni ndugu yake wa tumbo moja. Nikawaeleza jinsi baba alivyokata majani akayafunga mafungu, jinsi mashine zilivyotoa nyuzi za kamba, na jinsi mti ukizeeka unavyotoa mlingoti mmoja mrefu wenye maua, halafu unakufa. Chayo akanishika mkono. Kwao ni vile vile, unachanua mara moja tu, unakufa. Watu husema unangoja miaka mia. Uongo, akasema, mwingine ni miaka saba au minane, ule wa porini zaidi, lakini anayeungoja ndiye anaona kama mia. Tofauti yetu ni kwamba wao hukata mlingoti mapema ili sukari ibaki moyoni mwa mti, wakauchoma huo moyo kwenye shimo la moto. "Na ninyi?" akaniuliza. "Moyo mliufanyia nini?"

"Tuliutupa," nikasema. Alisikitika kama nimemwambia tulimtupa mtoto.

Hadithi zake zilinimaliza mbavu. Alisema shimo la moto huwekewa msalaba na pilipili, ili mwenye kijicho asiiharibu mezkali. Matone ya kwanza humwagiwa ardhi, kwa sababu ardhi ndiyo iliyotoa. Chumvi na ndimu wanazolamba vijana wa mjini, kwao mzee hagusi. Wanakunja nyuso kama watoto waliopewa kwinini, alisema, sasa si wanywe kwinini? Na zamani sana, kabla ya misalaba, watu wa kwao walisema mti ule ni mama aliyenyonyesha watoto sungura mia nne, na kila sungura ni ulevi wa namna yake. Kuna sungura anayelia. Kuna anayepigana. Kuna anayekumbatia watu asiowajua. Nilimwambia mimi sungura hao nawafahamu wote, ni baba zangu wadogo. Sungura anayelia alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, yule anayepigana alivunja mlango wetu Korogwe. Ndiyo sababu nilipobatizwa nilimwahidi Mungu kwamba pombe haitapita mdomoni mwangu. Chayo alinisikiliza, hakucheka. Nadhani siku ile ndiyo aliyonichagua.

Baada ya wiki chache alinialika kwake. Akatoa kabatini kitu kilichofungwa kwa kishati cha mtoto mchanga, cheupe kilichogeuka manjano. Ndani yake kulikuwa na chupa nene ya kioo, imezibwa kwa gunzi la hindi na kufungwa shingoni kwa kamba. Niliigusa kamba ile nikajua, nyuzi za mkonge. Akaniambia kwamba mtoto wake wa pekee, Beto, alipozaliwa, baba yake Chayo aliijaza chupa hiyo mezkali yake bora, akaizungushia shati la kwanza la mtoto, akasema itafunguliwa siku ya harusi yake. Mwaka ule ule mzee akafariki. Hakuna aliyepika tena, hakuna chupa nyingine duniani iliyotoka mikononi mwake.

"Kwetu," akasema, "chupa kama hii haikai kwa mwenye mtoto. Nyumba ya mwenye mtoto ina wajomba." Na kweli, kaka yake Nacho alikuwa amehamia kwake toka Texas, na sebuleni tulimsikia akikohoa. "Inakaa kwa mtu asiyekunywa. Dada Tazia, mimi hapa simjui asiyekunywa ila wewe."

Nikakataa. Mimi mtu wa kwaya, niweke pombe chini ya paa langu? Akaishika ile chupa kama mama anavyoshika mtoto, akaitikisa mbele ya dirisha. Povu likasimama juu yake, vipovu vidogo kama shanga, vikakaa, vikakaa, vikapotea polepole. "Hizi ndizo lulu zake," akasema. "Ikiwekwa maji lulu zinakufa. Ukiona zipo, jua baba yangu yupo." Sasa ninyi mngefanyaje? Niliibeba nyumbani ndani ya mfuko wa mboga, nikaificha kabatini nyuma ya mablanketi, na Jumapili kanisani niliimba kwa sauti kuliko wote.

Ule mwaka uliofuata kijana wangu mkubwa alipata kazi Columbus kwenye maghala ya vifurushi, mkewe akajifungua mapacha, nikaitwa. Nilikwenda kumrudishia Chayo chupa yake. Hakufungua hata mlango wote. "Nacho bado yupo," akanong'ona. "Nenda nayo. Columbus ni mbali, vizuri." Ghala la pombe la Columbus lilikuwa na meza ya marekebisho kama ile ile, nami nikaanza tena na glovu zangu mbili. Wakati ule tekila na mezkali zilikuwa zinaongezeka kila mwezi, vijana wenye ndevu walizitaka kila baa, na maboksi yalirundikana mpaka kwenye njia ya kutokea.

Columbus nilijiunga na kanisa la Wakongo wa milima ya Kivu Kusini, wafugaji wa ng'ombe tangu enzi. Mke wa mchungaji, Mama Furaha, alikuwa mwanamke wa sala, mpana, mwenye moyo mwema na pua ya kunusa dhambi tangu barabarani. Jumamosi moja mchana ushirika wa akina mama ulikuwa kwangu. Mtoto mmoja akawa anasikia baridi. Mama Furaha, kwa wema wake, akainuka mwenyewe kwenda kabatini kuchukua blanketi.

Nilisikia kabati linafunguka. Halafu nikasikia, "Yesu!"

Akatoka ameshika chupa kwa ncha za vidole, kishati kinaning'inia. Akina mama wote wakasimama. Naomba mjiweke mahali pao. Kwa mjane, nyuma ya mablanketi, kuna nguo ya mtoto mchanga imefungwa kwenye chupa, chupa ina kitu ndani, imezibwa kwa gunzi na kukazwa kwa kamba ya nyuzi. Hata mimi ningekimbia.

"Dada Tazia," Mama Furaha akasema, kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Bon. Hii kitu iko nini?"

"Ni ya mtoto," nikasema.

"Mtoto gani?"

"Si wangu. Wa mwanamke mmoja Louisville. Babu yake aliifunga alipozaliwa, halafu babu akafa."

Wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Nikaona nimeharibu, nikajaribu kurekebisha. "Msiogope, haifunguliwi mpaka siku atakayooa!" Hapo mama mmoja akaanza kukemea kwa sauti, na mwingine akatoa chupa ya mafuta ya upako kwenye pochi. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilinizamisha zaidi. Nilipotaja sungura wale, basi, ikawa mkesha wa mchana.

"Donc, tunaimwanga," Mama Furaha akasema, akaelekea chooni.

Sijui nilipata wapi mbio. Nilisimama mlangoni mwa choo, mikono miwili kwenye fremu, mimi na magoti yangu haya. Nilikuwa nampenda mama yule, na kanisa lile ndilo lililonipokea na mapacha wetu. Lakini niliona mzee ambaye sikuwahi kumjua akimwagwa chooni Columbus, na nikasema kwa sauti niliyoitumia kwenye kamati ya mgao: "Mama Furaha, kwenu milimani, mtu akikuachia ng'ombe wake umchungie, wewe unaweza kumchinja kwa sababu hupendi nyama?"

Akasimama. Ninyi mmezaliwa na gari, hamjui ng'ombe kwa watu wale ni nini. "Ng'ombe ya mutu haichinjwe," akasema polepole.

"Basi huyu ni ng'ombe wa mtu. Mimi maziwa sinywi. Nachunga tu."

Akageuka, akakaa kwenye kiti, chupa mapajani. Akafikiri. Kisha akaomba rangi ya kucha ya mjukuu wangu mkubwa. Akaiweka chupa mezani, akainamisha jicho, akachora mstari mwekundu kwenye kioo, pale pale kinywaji kilipoishia. "Bon. Mungu anaona, na miye pia nitaona. Siku ya kufungula miye nitakuwa pale. Ikipunguka, utaniambia ni nani alikunywa." Wakaipaka mafuta ya upako juu ya gunzi kwa usalama, wakaimba wimbo mmoja, wakaondoka. Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka nikalia.

Sasa Buffalo, mnayoijua wenyewe. Binti yangu na mumewe walinunua nyumba Black Rock, jirani na mto, wakati nyumba bado zilikuwa rahisi, wakaniomba niwasaidie na watoto. Nikapata kazi kwenu. Na Mungu ana utani wake, maana Beto naye alikuwa amefika Buffalo kabla yangu, mpishi kwenye mkahawa, na haikupita muda Chayo akapiga simu akipiga kelele kwamba mwanawe anaoa, msichana wa huko huko Buffalo, na chupa ipo wapi? Nikamwambia ipo, nimehama nayo, ipo salama.

Nikaenda kuitoa. Nikafungua kishati, nikaiweka dirishani ili niitikise nione lulu. Kinywaji kilikuwa chini ya mstari mwekundu. Si kidogo. Upana wa vidole viwili.

Nilimnusa mkwe wangu. Ndiyo, nilimnusa, maskini, alikuwa anakula ugali. Nilichunguza gunzi, kamba ilikuwa na fundo lile lile, mafuta ya Columbus bado yaling'aa. Hakuna aliyegusa. Sasa imekwenda wapi? Binti yangu akasema, "Mama, ongeza maji, nani atajua?" Nikamwambia lulu zitajua. Akasema, "Basi mama, kazini kwenu tekila imejaa." Nikamtazama mpaka akaondoka jikoni. Kuongeza chupa ya marehemu kwa tekila ya dukani, ni kama kumzika mtu na mguu wa jirani.

Usingizi ulinipungukia wiki hizo. Mlidhani nimechoka na kazi, kumbe nilikuwa naogopa. Mwanamke mmoja aliniamini kwa kuwa sinywi. Mwingine aliniamini kwa kuwa aliniwekea alama. Wote wawili watakuja mahali pamoja, siku moja, na chupa imepungua, na mtunzaji ni mimi. Nitasema nini? Nilikumbuka kwamba pale Louisville mzee mmoja wa wiski aliniambia kwamba mapipa hupungua yenyewe yakikaa, na wao husema hiyo ni sehemu ya malaika. Wakati ule nilimkasirikia kwelikweli, malaika gani wanakunywa? Sasa nilikuwa napiga magoti kuomba iwe ni wao.

Harusi ilifanyika Black Rock, kwenye ukumbi wa kanisa, mchana wa kiangazi, milango wazi. Chayo alikuja toka Louisville na msuko wake umekuwa mweupe wote. Tulishikana tukalia, tukatukanana kidogo kwa uzee. Nacho alikuja na kofia kubwa. Na kwa mlango ule mwingine, baada ya saa nyingi za barabara kutoka Columbus, akaingia Mama Furaha na mchungaji, amevaa kitenge cha sherehe, hajakaa hata, anauliza, "Iko wapi?"

Chakula kilipoisha Chayo aliniita mbele. Nikaleta chupa ndani ya kishati chake. Beto, kijana wa watu, alipoona shati lake la kwanza alifunika macho. Lakini Nacho aliichukua chupa akaiinua kwenye mwanga, kama mtu aliyeingoja miaka yote, akaona mstari mwekundu, akaona kinywaji kilivyoshuka chini yake. Akacheka kwa nguvu. "Chayo! Mlokole wako alikuwa na kiu!"

Ukumbi ukacheka. Chayo hakucheka. Aliitazama chupa, akanitazama, na nikaona jicho lake linauliza, ingawa mdomo ulikataa. Mama Furaha alikuwa ameshasogea. Akainama, akaweka kidole kwenye alama.

"Dada Tazia," akasema. "Hii alama njo yangu."

"Ni yako," nikasema. "Sijui imekwenda wapi. Wallahi sijui." Na mimi si mtu wa kuapa wallahi, ilinitoka tu, ya Korogwe.

Ndipo Chayo akavuta pumzi, akakata kamba, akang'oa gunzi. Tukatoka mlangoni akamwagia udongo wa Black Rock matone machache, kwa ajili ya ardhi. Akatikisa chupa, lulu zikasimama, zikakaa. Akamimina kidogo kwenye kikombe kidogo cha udongo, akakinyoosha kwangu.

"Mtunzaji anaonja kwanza," akasema. "Ndiyo desturi. Sikukuambia kwa sababu ungekataa kuibeba."

Ee jamani. Nilijua maana yake. Kwetu Burundi pia anayeleta pombe huonja kwanza, kuonyesha hakuna sumu. Nikikataa, nimesema chupa ina kitu, na mbele ya wajomba wote nimesema nimeiharibu. Nikikubali, nimevunja ahadi yangu ya ubatizo, mbele ya mke wa mchungaji. Nikamgeukia Mama Furaha. Machozi yalikuwa karibu, siwafichi. Alinitazama, akatazama kikombe, akamtazama Chayo aliyesimama pale.

"Bon," akasema mwishowe. "Mwenye kuchunga ng'ombe njo anaonja maziwa mbele. Mungu anajua ile iko kazi. Onja."

Nikafumba macho, nikanywa.

Sasa, kijana wa folklifti, hili hapa jibu lako. Kwanza ulikuja moshi. Nyuma ya moshi likaja jani bichi lililopondwa, mikono ya baba anaporudi jioni kutoka shambani, na nikafikiri, kumbe ule moyo tulioutupa ulikuwa na hili ndani yake. Hiyo ilikuwa nusu ya pumzi. Halafu moto ukawaka. Ulishuka, ukapanda, ukatokea puani. Nilikohoa, nikapiga chafya, nikamnyang'anya Nacho kofia nikajipepea nayo, nikasema maneno ya Kirundi ambayo mama yangu alikataza, nikakaa chini kwenye majani, na gauni langu la sherehe, macho yanachuruzika, nikiomba maji, maji, maji!

Walicheka Wameksiko, wakacheka Wakongo, bibi harusi akacheka mpaka taji likaanguka. Nacho peke yake hakucheka. Alinitazama nikigaagaa pale, akageuka kwa dada yake, akasema taratibu, "Huyu hajaonja pombe maisha yake yote." Kisha akaokota lile gunzi, akalibonyeza, akamwonyesha kila mtu jinsi lilivyokauka na kuwa na matundu. "Gunzi linapumua. Kwetu zote hupungua. Mimi mjinga nilisahau." Akaniomba msamaha, na kofia yake niliyoibana sikumrudishia mpaka aliporudia mara ya pili.

Chayo alikaa chini kwenye majani karibu yangu, akaweka kichwa chake begani kwangu. "Baba amekunywa kidogo njiani," akasema. "Safari ilikuwa ndefu." Tukakaa hivyo, vibibi viwili, wakati kijana na mkewe wakinywa vikombe vyao.

Mama Furaha alirudi Columbus siku ile ile. Naambiwa mpaka leo hutoa ushuhuda kanisani, habari za dada mmoja wa Buffalo aliyekunywa pombe mbele ya mashahidi wengi, na kila aliyemwona akinywa akaamini kwamba hanywi.